Kamera Iliyokataa Kumwona Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Agnela alifagia uwanja wa nyumba yao pale Themi, akaosha viatu vyake vya shule, kisha akaenda sokoni kumsaidia mama yake kupanga nguo za mitumba. Lakini Jumamosi hiyo Mama hakufungua kibanda. Walikuwa wanakwenda Akheri kwa Bibi Ruth, mama mzazi wa Mama. Mjomba Abdiel, kitinda mimba wa Bibi, alikuja likizo, na alasiri hiyohiyo angeondoka kurudi kazini Mwanza. Bibi hakuwahi kupigwa picha pamoja na watoto wake wote watatu, na mwaka huo miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua sana.

Ndiyo maana Mama alibeba kamera. Siku hizo bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kujaa Arusha, na Philemoni, aliyeuza redio na saa kuukuu jirani na kibanda cha Mama, alimuuzia kamera ndogo inayopima umbali yenyewe. Ukibonyeza kitufe nusu, taa ya kijani inawaka na kutulia, ndipo unapiga. Mama alimwonya Agnela asiiguse.

Walipofika Tengeru, Mama aliingia sokoni kununua sukari, akamwacha Agnela na mkoba wenye kamera karibu na muuza maandazi. Agnela alikula andazi la moto, lakini macho yake hayakubanduka kwenye mkoba. Mwishowe aliitoa kamera, akaulenga Mlima Meru, akaiwasha. Lenzi ilitoka ikinguruma. Alishtuka, akaizima haraka, akairudisha kama alivyoikuta. Mama aliporudi, walishika njia ya kupanda kati ya migomba na mibuni, na Agnela hakusema lolote.

Bibi aliwapokea kwa furaha, akamkumbatia Agnela mpaka kilemba chake kikateleza. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kanisani tangu alfajiri. Aliketi kwenye benchi, huku na huku Mjomba Abdiel na Mama Mkubwa Hedwiga, na Mama akasimama mbele yao kuijaribu kamera.

Taa ya kijani ilipepesa tu. Haikutulia, na kitufe kiligoma.

Mama alirudi nyuma hatua mbili akidhani amewakaribia mno. Akawahamisha kutoka kwenye kivuli cha migomba. Akabadili betri. Akaifuta lenzi kwa leso mara tatu. Taa iliendelea kupepesa. Bibi alivumilia akijikanda magoti, na Mjomba akaanza kutazama saa.

"Ilianguka njiani?" Mama alimuuliza Agnela.

"Hapana, Mama."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuwa kweli yote.

Mama aliketi kwenye ngazi, amekata tamaa. Alisema Philemoni amemuuzia kitu kibovu makusudi, na kwamba Jumatatu atamrudishia mbele ya soko zima ili watu wajue ni tapeli. Mwaka uliopita, malaria ilipomwangusha Agnela palepale sokoni, ni Philemoni aliyembeba mgongoni hadi zahanati.

"Mama, si Philemoni," alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliitoa mimi ulipoingia sokoni. Sikuiangusha, lakini niliishika nikaiwasha."

Badala ya kumgombeza, Mama alimpa kamera na kumwambia aonyeshe jinsi alivyoishika. Agnela aliiweka mikononi, na kidole kimoja kikatua mbele, juu kidogo ya lenzi.

"Mikono yako ilikuwa na nini?"

"Nilikuwa nakula andazi."

Mama aliigeuza kamera juani. Juu ya lenzi palikuwa na vioo viwili vidogo kuliko punje ya mahindi, ambavyo kamera huvitumia kupima umbali. Kimojawapo kilikuwa na ukungu wa mafuta. Alikuwa ameifuta lenzi kubwa mara tatu bila kuvifikiria hivyo vidogo. Alikipulizia pumzi, akakifuta kwa pindo laini la khanga, akamlenga Bibi. Taa ilipepesa, kisha ikatulia.

"Kanawe mikono kwa sabuni," Mama alimwambia Agnela.

Agnela alinawa polepole, akijua adhabu inamngoja. Aliporudi, Mama alimkabidhi kamera.

"Picha ya watoto wote wa Bibi siwezi kuipiga mimi, maana nami ni mmoja wao," alisema, akaenda kuketi miguuni pa mama yake.

Agnela alibonyeza nusu, akangoja taa itulie, akapiga. Wote wanne walikuwa wakicheka.

Mjomba alipokwenda kuchukua begi lake, Bibi alimvuta Agnela na kumketisha kando yake.

"Mjukuu wangu, ulipoficha, mama yako alihangaika, na mtu mwema akaitwa tapeli. Uliposema, kazi ikawa ya dakika moja. Kukosea tunakosea sote. Ila ukikosea sema mapema, tena sema yote, ili anayetaka kutengeneza ajue pa kuanzia."

"Na mimi nimekosea," Mama alisema. "Nimemhukumu Philemoni kabla ya kuuliza."

"Basi nawe umesema mapema," Bibi alimjibu, akaushika mkono wa binti yake. Kisha akamwomba Agnela ampige picha nyingine, safari hii akiwa amesimama, wakati miguu yake bado inamruhusu.