Mistari Themanini na Minane

Kila siku baada ya shule Ilka alipanda baiskeli na kwenda kilomita nne mpaka shambani kwa bibi yake, nje ya mji wa Szentes. Bibi Terka hakumwacha aondoke bila sahani ya tambi zilizonyunyizwa mbegu za mpopi, lakini Ilka hakufuata tambi. Alifuata mayai.

Yalikuwa mayai kumi na moja ya bata bukini. Marehemu babu alifuga kizazi hicho cha bukini weupe wenye manyoya ya kujikunja kwa miaka arobaini. Alipofariki, bibi aliuza kundi akabakiza jozi moja. Mwezi wa tatu mbweha akamla jike. Likabaki dume, na mayai hayo ndani ya kikapu. Yasipoanguliwa, kizazi cha babu kimekwisha.

Mashine ya zamani ya kutotolesha ilikuwa imeharibika sehemu ya kupimia joto, na Ilka, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeifufua. Aliiwekea kikompyuta kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kioo kidogo cha namba, na kitufe cha kuzungusha. Kitufe hicho hakina mwanzo wala mwisho. Kinazunguka tu, na kila hatua kinalia "ta". Ndani yake mna nyaya mbili. Kikompyuta hutazama ni upi umebadilika kwanza, kikajua umezungusha kulia au kushoto, kisha kikahesabu. Kila "ta" moja ni nusu nyuzi ya joto. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu, hakuweza kusoma kioo, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

Mwalimu Bodor, aliyesimamia chama cha mafundi wadogo shuleni, alimpa Ilka daftari lenye mistari mia moja. Alimwambia azungushe kitufe hatua kumi, aandike kioo kimehesabu ngapi, na arudie mara mia: hamsini polepole na hamsini haraka. Ilka alifanya mara kumi na mbili, zote polepole. Zote zikatoka kumi. Alipojaribu haraka, kioo kikahesabu nane. Akajaribu tena, nane. Programu yake ilikuwa ikishughulika kuandika namba kwenye kioo, na wakati huo hatua nyingine zilipita bila kuonekana.

Alijua. Lakini mashindano ya mafundi wadogo katika mji wa Szeged yalikuwa wiki ile ile, na kurekebisha programu kungemchukua siku nyingi. Akafuta zile nane mbili. Halafu akakaa kitandani akaijaza mistari themanini na minane iliyobaki kutoka kichwani: kumi, kumi, kumi. Hapa na pale akabadilisha kalamu ili ionekane kazi ya siku kadhaa.

Mayai ya bukini yanapokaribia kuanguliwa hufunuliwa kila siku, yakanyunyiziwa maji ya uvuguvugu na kupozwa kidogo. Kwa hiyo kila siku joto hushushwa, kisha hupandishwa tena. Ilka alikuwa akilifanya hilo mwenyewe, polepole, kwa sababu alijua. Jumanne, siku moja kabla ya safari, alimkabidhi bibi kazi hiyo.

"Hatua kumi kushoto, Bibi, halafu funua. Ukimaliza, kumi kulia. Kioo usihangaike nacho, kitufe nimekipima mara mia."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Neno "polepole" lilimfika mdomoni akalimeza. Angelisema, bibi angeuliza kwa nini.

Kule Szeged mambo yalimnyookea. Waamuzi walipekua daftari, wakasifu uvumilivu wake. Mmoja aliuliza kama kitufe kinahesabu vizuri hata kikizungushwa haraka. Ilka akasema ndiyo, huku akimtazama usoni. Akapewa cheti cha nafasi ya pili.

Jumamosi asubuhi alikwenda shambani cheti kikiwa kifuani, ndani ya koti. Akafungua mlango wa chumba cha mashine, akatazama kioo. Kilionyesha nyuzi arobaini na nusu. Ilipasa iwe thelathini na saba na nusu.

Alichukua tochi akaanza kuyamulika mayai moja moja. Siku ya Jumanne vifaranga vilikuwa vikijitikisa ndani. Sasa hakuna kilichotikisika. Alipofika la kumi na moja alirudia tena la kwanza, akijua ni bure.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Ilka alimuuliza alikuwa akizungusha vipi. Bibi akaeleza kwamba kushusha alishusha upesi, maana mikono ilikuwa na maji na dume lilikuwa likipiga kelele uani. Kupandisha alipandisha taratibu, akihesabu kwa sauti. Ilka akaelewa yote. Hatua za kushuka zilihesabiwa nane, za kupanda zilihesabiwa kumi. Kila siku joto lilibaki nyuzi moja juu, na siku zilikuwa tatu.

"Jana niliweka yai kwenye kope kupima joto, kama nilivyozoea," bibi akasema. "Nilihisi lina moto. Nikajiambia, Terka, wewe mzee, mtoto amepima mara mia."

Ilka alilia hapo hapo, akasema kila kitu: mara kumi na mbili, nane alizozifuta, kalamu alizozibadilisha. Bibi hakumgusa. Alifunika mashine, akaenda kumpa dume mahindi.

Jumatatu Ilka alimrudishia Mwalimu Bodor daftari na cheti. Alipomweleza kila kitu, mwalimu akaandika barua kwa waamuzi, na Ilka akaweka sahihi chini yake. Baada ya hapo wakaiandika programu upya. Sasa waya wowote ukibadilika, kikompyuta huacha kila kitu kwanza kikahesabu hatua, na kioo husubiri. Iliwachukua siku tatu tu.

Ilka akabeba daftari jipya mpaka shambani. Bibi alikaa mbele ya mashine tupu akazungusha, haraka na polepole, na Ilka akaandika. Mara mia. Zote zikatoka kumi. Nje dume lilikuwa likiita, kama lilivyoita kila siku tangu mwezi wa tatu.

"Sasa inahesabu sawa," Ilka alisema.

"Inahesabu sawa," bibi akakubali. "Nisikilize, mjukuu wangu. Kitufe kibovu nisingekulaumu. Hata babu yako alikosea mara nyingi. Ungeniambia kina kasoro, ningekizungusha polepole, na leo hapa pangekuwa na vifaranga. Mimi sikuua mayai kwa mkono wangu wa haraka. Yaliuawa na ile mistari uliyoiandika bila kuifanyia kazi, kwa sababu mimi niliiamini kuliko kope langu. Ukiandika kwamba umepima, kuna mtu ataweka kitu chake cha thamani juu ya neno lako. Usilisahau hilo hata siku moja."

Ilka akasema hatalisahau. Bibi akachomoa waya wa mashine ukutani, akauzungushia mkononi, akaenda kuuweka kabatini.