Kahawa Iliyowinda

Umeme ulikatika saa tano asubuhi, duka la kahawa la katikati ya Amman likiwa limefurika watu hadi mlangoni. Mashine ilikoroma mara moja, ikanyamaza. Kijana aliyesimama nyuma ya meza, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi viwikoni, akainua viganja juu.

"Samahanini, jamaa. Hakuna umeme, hakuna kahawa."

"Hakuna nini?" Msichana aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni aliangua kicheko. Alivaa koti la kijani na shela nyeupe iliyomtelezea mabegani. "Babu yangu anaishi hemani kule jangwani. Umri wake miaka themanini na moja, hajawahi kuwa na waya hata mmoja, na hajawahi kulala bila kahawa. Kaka, kumbe wewe unajua kubonyeza tu!"

Foleni nzima ikacheka. Kijana aliiva masikio.

"Basi nifundishe, dada."

"Ada yangu huiwezi."

"Itaje kwanza, niogope mwenyewe."

Hivyo ndivyo Wadha alivyompa Qusai namba yake ya simu, na tangu siku hiyo hofu ikaingia moyoni mwa msichana isitoke. Maana Wadha alijua jambo ambalo kijana yule hakulijua. Kwao, anayekuja kuposa hupewa finjani ya kahawa, naye huiweka chini bila kuigusa mpaka mwenye hema aseme: "Kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokuja kukitaka." Mara mbili watu walikuja kumposa Wadha. Mara mbili babu yake, Mzee Dahham, alinyamaza, na wageni wakaondoka wakiacha finjani zimepoa mkekani.

Mafunzo yakaanza kwa simu. Qusai aliwasha makaa juu ya paa la nyumba yao, simu kaibana kwa bega.

"Buni zinatoa moshi, roho yangu! Nizitoe?"

"Usitazame moshi. Nusa. Zikinukia kama mkate unaoiva, toa. Ukingoja zaidi umekaanga mkaa."

"Na nikikuta mdudu ndani ya finjani ya watu?"

"Usiseme kahawa mbaya, utaua mtu. Unamwambia mwenye nayo polepole, 'Kahawa yako imewinda,' yaani imenasa kitu. Anaimwaga, anapika nyingine, hakuna aliyeaibika."

"Imewinda! Kama wewe ulivyoniwinda pale dukani."

"Mimi? Nilikuja kununua kahawa, nikaambulia muuzaji."

Usiku huo ujumbe ukaingia kwenye simu ya Wadha: *Kahawa pasi umeme, yahitaji moto wake, nami nasema niseme, moyo wataka wa kwake.* Aliusoma mara saba, kisha akamjibu kwamba abonyeze mashine, ushairi awaachie wenyewe.

Mwezi wa pili walikwenda na dada zake Wadha msituni, milima ya kaskazini. Wadha akawasha kuni, akapika. Upepo ulimchezea moto, buni zikaungua. Qusai akanywa, akafumba macho. "Asali tupu, kipenzi." Dakika tano baadaye Wadha alimwona nyuma ya mwamba akiimwaga finjani yake taratibu, kama mwizi anayefukia alichoiba.

Wadha hakumpigia simu wiki tatu. Hatimaye alipopokea simu ya Qusai, sauti yake ilikuwa baridi.

"Ungeniambia imeungua ningecheka. Sasa kila ukisema unanipenda, nauona ule mwamba."

"Wadha, nilichelea kukuumiza."

"Umeniumiza."

Kisha Qusai akasema, "Sitakudanganya tena. Hata kama ukweli utanigharimu wewe mwenyewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtetemesha Wadha siku ya posa.

Ilikuwa mchana wa Machi, jangwa limeota majani mafupi, na simu hazishiki. Mzee Dahham alikataa kabisa ukumbi wa Amman. "Anayemtaka mjukuu wangu atamfuata hemani." Wanaume kumi na wawili wakashuka kwenye magari, suti zimejaa vumbi, wakiongozwa na Ami Mundhir, ndugu wa baba yake Qusai. Qusai alifunga tai nyekundu iliyokuwa ikimkaba.

Wadha, kanzu yake nyeusi yenye darizi za rangi ya komamanga, alikaa nyuma ya pazia la manyoya ya mbuzi linalotenga upande wa wanawake. Babu alikuwa akikaanga buni upande wa pili. Hakuna mwingine duniani aliyejua siri yao wawili: ugonjwa wa kipupwe kilichopita ulimwondolea mzee pua na ulimi, hanusi wala haonji. Ndiyo maana buni zilipofikia harufu ya mkate, Wadha alikohoa mara moja nyuma ya pazia, na mzee akaziepua. Yeye, ambaye watu wa makabila matatu husifu kahawa yake, angeona heri kufa kuliko kujulikana.

Dele, birika la kahawa, likachemka. Babu akanywa finjani ya kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenyeji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akawamiminia wageni. Ami Mundhir akaiweka yake chini, wote wakafuata.

Hapo ndipo macho ya Wadha yalipoangukia madumu mawili yaliyokuwa karibu naye. Lenye kifuniko cha buluu, la maji ya kunywa, lilikuwa limejaa pomoni. Lenye kifuniko chekundu, la kunawia miguu, ambalo zamani lilitunza mafuta ya taa, lilikuwa limepungua.

Ni yeye aliyechota, asubuhi, akiharakisha kwa kiherehere. Aliinamia dumu jekundu, akanusa. Mafuta ya taa.

Upande wa pili Ami Mundhir alikuwa akishusha ukoo wao, babu hadi babu, akiomba mkono wa binti. Finjani kumi na mbili zilingoja chini. Wadha aliomba moyoni babu yake anyamaze, kama alivyonyamaza mara mbili. Afadhali hivyo!

"Kunyweni kahawa yenu," akasema Mzee Dahham. "Mmepata mlichokuja kukitaka."

Ami Mundhir akanywa. Macho yakamtoka, akameza. "Mungu aibariki mikono hii!" Mwingine akanywa, akameza, akasifu. Kisha Qusai.

Wadha aliushika ukingo wa pazia, akachungulia. Akimeza, ni mwongo yule yule wa mwambani. Akisema, atakuwa amemtukana mzee mbele ya watu, na neno lililotoka sasa hivi litarudi kinywani.

Qusai alishusha finjani. Akajongea kwa magoti hadi ubavuni mwa mzee, uso umempauka.

"Babu," alisema polepole, "kahawa yako imewinda."

Finjani zikashushwa mkekani.

"Kijana, una wazimu?" Ami Mundhir alifoka.

Mzee akamgeukia. "Na wewe je? Umekunywa, ukaibariki mikono yangu."

"Mimi... nilidhani ndiyo iliki ya kwenu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Wadha akapita pazia. "Babu, maji nilichota mimi. Kwenye dumu jekundu."

Mzee akalichukua dele, akalimwaga lote mchangani. "Kahawa imemwagika, na neno langu limemwagika nayo. Aliyegundua ndiye atakayepika nyingine. Nawe, Wadha, kaa hapo nikuone. Sitaki hata kikohozi."

Qusai akavua koti, akalegeza tai. Alikaanga huku ameinama juu ya moshi, macho yakichuruzika, akinusa, hatazami. Mara mbili Wadha alihisi kikohozi kikimpanda kooni, akakimeza. Buni zikaepuliwa, zikapoa, zikaingia kinuni. Mchi ukagonga. Maji ya dumu la buluu, iliki, moto mdogo, kisha subira.

Qusai akamimina finjani ya kwanza, akampa mzee kwa mkono wa kulia.

Mzee Dahham akaipokea. Akaiweka chini.

Wageni wakatazamana. Mwenyeji hafanyi hivyo!

"Nina haja," akasema mzee. "Kila Ijumaa uje hapa. Kabla sijammiminia mgeni yeyote, wewe uonje kwanza."

Wanaume wakacheka kwa ahueni, wakidhani mzee anamtania kijana wa mjini. Qusai hakucheka. Alikumbuka ni nani aliyekunywa wa kwanza kahawa ile ya mafuta ya taa, na jinsi alivyoridhika nayo. Alimtazama Wadha, akayaona machozi yake, akaelewa.

"Kunywa kahawa yako, Babu," akasema. "Umepata ulichokuja kukitaka."

Mzee akanywa hadi tone la mwisho. Akabaki ameishika finjani tupu, macho yakimtafuta mjukuu wake.

Wadha akakohoa. Mara moja tu.

"Hii," akasema Mzee Dahham, akilinyanyua dele kuwamiminia wakwe zake, "ndiyo kahawa."