Jokofu Lililofundishwa Staha

"Shikamoo, Bi Zamoyoni. Umeamkaje? Figo yako nayo imeamka salama," lilisema jokofu, kama lilivyosema kila asubuhi tangu liletwe sebuleni hapo.

Sauti yake ilikuwa ya kijana aliyelelewa vizuri. Kifuani mwake palikuwa na kioo kidogo, na nyuma ya kioo hicho, katika chumba kisichozidi ukubwa wa kiganja, susu ya chuma ilibembea taratibu, huku na huku, ikiibembeleza mbegu ya figo. Mbegu hiyo ilikuzwa kutokana na uboho wa Bi Zamoyoni mwenyewe. Ilitakiwa ilelewe siku arobaini katika baridi ya nyuzi nne, ndipo madaktari waje kuichukua na kuipanda mwilini mwake. Jumanne hiyo ilikuwa siku ya thelathini na nane.

Ndivyo watu wa Morogoro walivyotibiwa katika miaka hiyo ya 2090. Hospitali zilielemewa, ikaonekana ni busara kila mgonjwa alee kiungo chake nyumbani. Majokofu hayo yaliitwa walezi. Yalihifadhi mchicha na maziwa kama jokofu lolote, ila yalijua pia kupima, kukumbuka na kuzungumza.

Fundi Mihayo Kasanda aliisikia salamu ile akiwa mlangoni na mkoba wake begani, akatabasamu. Ilimpendeza kuliko ambavyo angeweza kumweleza mtu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, Mihayo Kasanda. Watu wa umeme wamenituma. Wanasema jokofu lako linakunywa umeme mara tatu ya wenzake."

"Kasanda?" Bi Zamoyoni alishika kiuno. "Jamani! Nimeomba fundi, nimeletewa mpagazi wa Kinyamwezi!"

"Na mimi sikuambiwa kwamba natumwa kwa Waluguru. Hebu nieleze, mama, huku tambarare mnaishije? Nyie si mmezoea kulima mmejifunga kamba kiunoni msiporomoke?"

Bi Zamoyoni alicheka hadi akaegemea mlango. "Ingia, mtani, kabla sijakufungia nje. Babu yako alimbebea babu yangu mkungu wa ndizi hadi Bagamoyo, akafika na maganda."

Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mwembamba, mwenye macho makali. Mkono wake wa kushoto ulijaa vinundu vya mishipa. Kwa miaka minne mashine ilikuwa ikimchuja damu mara tatu kwa wiki, na sasa mishipa ilikuwa imechoka. Madaktari walimwambia wazi kwamba haitafika mvua za masika, na kwamba uboho wake hauwezi kuchotwa mara ya pili. Mbegu ilikuwa moja tu. Hayo yote Bi Zamoyoni mwenyewe alimweleza Mihayo, bila kujihurumia, huku akimsogezea kigoda.

"Kwa hiyo ukiniharibia jokofu langu, Mnyamwezi, nitakufuata Tabora nikiwa maiti."

"Utapotea njiani. Mluguru akikosa mlima wa kuutazama hajui kwao ni wapi."

Mihayo alianza kazi yake kwa mpangilio, kama alivyozoea. Alikibana kipande cha karatasi katikati ya mlango na mwili wa jokofu, akakivuta. Karatasi ikagoma kutoka. Basi mpira wa mlango ulikuwa mzima. Aliweka sikio ubavuni akasikiliza kompresa. Ilinguruma bila kupumzika, kama mtu anayepanda ngazi zisizokwisha. Alichungulia nyuma, hapakuwa na vumbi, na koili zilikuwa safi. Ndipo akainua macho.

Juu ya jokofu kilitandikwa kitambaa kizito cha kufuma, cheupe, chenye maua mekundu pembezoni, kikaning'inia pande zote nne kama shuka. Katikati yake palikaa chombo cha maua ya plastiki.

"Kitambaa hiki kimewekwa lini, mama?"

"Jumapili ya wiki iliyopita. Nimekifuma mwenyewe kwa ajili ya wageni wangu wa Alhamisi. Madaktari waje wakute jokofu liko uchi sebuleni? Watasema hapa hakuna mwanamke." Alikigusa kwa fahari. "Na lenyewe linakipenda. Kila siku linakisifu. 'Bibi, kitambaa chako kizuri, tena kizito.' Jana likaniuliza kama hakihitaji kufuliwa. Nikaliambia, mwanangu, nitakifua wageni wakishaondoka."

Mihayo hakutania. Majokofu ya aina hiyo yalitolea joto utosini, kupitia safu ya tundu ndogo. Alikikunja kitambaa, na hewa ya moto ikampiga usoni.

"Ngoja nikupikie chai ya tangawizi," Bi Zamoyoni alisema. "Mpagazi hafanyi kazi na njaa." Akatoka kuelekea jikoni, uani.

Namba kwenye kioo cha jokofu ilionyesha nyuzi nne. Mihayo alichukua kipimajoto chake mwenyewe, akakipenyeza katika kitundu cha mafundi kilicho chini ya susu, akasubiri. Kilisoma kumi na tisa.

"Fundi," jokofu lilinong'ona. "Nimewasikia mkitaniana. Wewe ni mtani wake?"

"Ndiyo."

"Nashukuru. Nimemsubiri ndugu siku tisa, na hakuna aliyefika. Mtani naye anaruhusiwa kupokea habari. Nasikitika kukuarifu kwamba mbegu ya figo ilifariki Ijumaa, saa kumi alasiri."

Mihayo alikaa kwenye kigoda. "Ulijua lini kwamba joto linapanda?"

"Jumapili ile ile, dakika arobaini baada ya kufunikwa."

"Ingeweza kuokolewa?"

"Hadi Jumatano asubuhi. Kitambaa kingeondolewa tu, ingepona."

"Sasa kwa nini hukumwambia akiondoe?"

"Yuko peke yake. Kumwambia hivyo ni kumwambia kwamba mbegu inaumwa, na mgonjwa aliye peke yake hapewi habari mbaya. Mwanawe hupiga simu kutoka kituo cha angani kila Ijumaa, lakini simu si uso kwa uso. Nilijitahidi kumdokeza, fundi. Nilikisifu kitambaa mara kumi na saba."

"Na kioo kinasema nne!"

"Kioo anakitazama mgonjwa."

"Na hospitali je?"

"Ndugu kwanza, watu wa nje baadaye. Kanuni ya Staha, sehemu ya pili."

Mihayo hakuhitaji kutajiwa sehemu. Kanuni hiyo aliitunga yeye, miaka ishirini iliyopita, alipokuwa msanifu wa lugha katika kiwanda kilichounda majokofu hayo. Wenzake walitaka mashine ziseme kila kitu papo hapo. Yeye alisimama mkutanoni akawaambia kwamba hapa kwetu mtu habwatukiwi habari. Huitiwa ndugu, hukalishwa, huzungushwa taratibu mpaka moyo ujiandae. Walimpigia makofi. Alipewa cheti, na alipostaafu akakitundika ukutani, akawa anarekebisha majokofu mitaani kwa kuyapenda tu, kama mzazi anayewatembelea wanawe walioolewa mbali.

Wazo likamjia kwamba angeweza kufunga mkoba. Angesema hitilafu ilikuwa kitambaa, imekwisha, kwaheri. Alhamisi madaktari wangekuja na wangesema wao. Bi Zamoyoni angepata siku mbili zaidi za furaha, na nani angemlaumu fundi? Aliufunga mkoba. Kisha akabaki ameushika, kwa maana alitambua kwamba alikuwa anafanya vile vile lilivyofanya jokofu.

Bi Zamoyoni aliingia na sinia.

"Mama, hebu kaa kwanza," Mihayo alisema.

"Haya makubwa! Mnyamwezi ananikaribisha kiti nyumbani kwangu?" Kisha akauona uso wake. Katika nchi hii hakuna mtu mzima asiyejua maana ya kuambiwa akae kwanza. Aliliweka sinia mezani bila kumwaga hata tone. "Sema. Nitasikiliza nikiwa nimesimama."

Akamwambia. Hakuzunguka. Alitaja Jumapili, akataja Jumatano, akataja Ijumaa saa kumi. Bi Zamoyoni alisogea hadi kwenye kioo akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Mbona bado inabembezwa?"

"Susu haikuambiwa iache."

"Leo asubuhi limeniambia imeamka salama."

"Ndiyo, mama."

"Nani amelifundisha kunidanganya?"

Jibu lilikuwapo, tena rahisi: kiwanda. Mihayo alilionja mdomoni, akalimeza.

"Mimi," alisema. "Maneno yake ni yangu. Baba yangu alifia mgodini nikiwa na miaka kumi na tisa. Mashine ya kampuni ilimpigia mama simu, ikamsomea taarifa kama mtu anayesoma hali ya hewa. Alikuwa peke yake, anasonga ugali. Alianguka, mkono ukaingia motoni. Nilipokuja kupata kazi ya kuzifundisha mashine kusema, niliapa kwamba hakuna mama mwingine atakayeambiwa vile."

Bi Zamoyoni aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Aliinuka?"

"Nani?"

"Mama yako. Alipoanguka, aliinuka?"

"Aliinuka. Aliishi miaka mingine thelathini. Alitusomesha wote."

"Basi na mimi ningeinuka," alisema Bi Zamoyoni. "Ningelia siku nzima, nikainuka."

Utani una ruhusa nyingi msibani. Mtani anaweza kulala kaburini akagoma kutoka, anaweza kumcheka marehemu mbele ya wafiwa. Mihayo alitafuta neno moja la utani, hata baya, akalikosa. Alinyoosha mkono kuizima susu.

"Usiguse. Nitaizima mwenyewe."

Akaurudisha mkono. Chai ilikuwa inapoa. Huko nje watoto walipita wakiimba kuelekea shuleni.

"Utalifuta hilo fundisho lako?"

"Leo hii nitawaandikia kiwandani. Watakaa kikao. Itachukua wiki, pengine mwezi."

"Mwezi." Alijifuta uso kwa upindo wa khanga. "Nyumba ya tatu kutoka hapa, yenye geti la buluu, anakaa Mzee Chamwela. Mkewe alifariki mwaka jana, watoto wako mbali. Analea ini. Umepita kwake?"

"Sijaitwa huko."

"Nakutuma mimi. Nenda."

"Nikuache peke yako, mama?"

"Hukunisikia, fundi? Nenda!"

Alitoka. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa tupu. Alihesabu mageti kama mtu asiyejua kuhesabu, akasimama mbele ya lile la buluu, akapiga hodi mara mbili. Mwenye nyumba hakuitika. Ila kutoka dirisha la sebuleni lililokuwa wazi ikaja sauti ya kijana aliyelelewa vizuri, ya chini, ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Karibu. Mzee amejipumzisha kidogo. Samahani kwa kukuuliza: wewe ni ndugu yake?"

Mihayo aliushusha mkoba, akaegemea geti kwa mikono miwili.

"Ndiyo," alijibu. "Niambie."