Chai ya Ziwa la Kijani

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi, na mwenyewe hakatai. Injini ya boti ilipoanza kukohoa katikati ya ziwa, alinyanyua dumu la maji ya kunywa na kuimwagia lote.

"Shemeji, umefanya nini?" aliuliza mpimaji wa maji, mdogo wa mke wa fundi, aliyeketi mbele na chupa zake za sampuli.

"Naipoza. Uji huu wa ziwani umeziba tundu la kuvutia maji. Injini inataka maji safi."

"Na sisi tunataka nini?"

Fundi alilitazama dumu tupu. Injini ikafuka mvuke, ikalia kama bati linalokunjwa, ikanyamaza kabisa.

Pande zote maji yalikuwa ya kijani, mazito kama rangi ya kupaka milango. Samaki walielea matumbo juu. Simu hazikushika mtandao. Kasia lilikuwa moja. La pili fundi alilitumia nyumbani kuegemeza mlango wa banda la kuku.

"Nchi kavu ile pale," alisema. "Tufuate upepo."

"Upepo ndio unaosukuma uchafu huu kwenda kule. Tutazama kwenye uji mzito zaidi. Tuukabili upepo, tutoke."

Walipokezana kasia. Kufikia alasiri ndimi zilikuwa zimenata kwenye makaakaa. Fundi, asiyekwenda popote bila chai, akatoa jiko lake dogo la gesi.

"Usithubutu. Kijani hiki ni bakteria wenye sumu inayokula ini. Ndio niliokuja kuwapima."

"Nitawachemsha wafe."

"Wakifa ndipo wanapoimwaga. Na sumu yenyewe haina roho, utaiua vipi?"

"Basi nichome samaki."

"Huyo kafa kwa nini? Uzee?"

Fundi alisonya. Zamu ya shemeji kupiga kasia ilipofika, naye akampa mgongo, fundi alichota, akatokosa, akatia majani, akanywa kikombe kizima kwa raha zake.

Raha haikudumu. Tumbo lilimkata, akatapika nje ya boti, akatapika tena hadi nyongo. Midomo ikafa ganzi. Mikono aliyochotea maji ikatoka vipele.

"Umekunywa?"

"Chai kidogo tu."

Shemeji alikuwa akiwaza atamwambia nini dada yake akimrudishia mume aliyefunikwa turubai. Alipasua kitambaa chake cha kichwa, akafunga viganja vilivyochubuka, akaendelea kukata maji huku upepo ukimpiga usoni. Nyuma yake fundi aliomba maji, akaomba tena, kisha akaacha kuomba. Kimya hicho kilimtisha kuliko kiu.

Jua likielekea kuzama, kijani kilianza kukatika vipandevipande, kisha boti ikaingia kwenye maji meusi, safi. Huko ndiko vyombo vyote vilikokuwa vikipita kukwepa uchafu, na boti ya kubeba mchanga ikawaona.

Hospitalini, dripu ikining'inia, daktari alisema ini limeumia ila litapona polepole. Mke wa fundi alikaa kitandani. Shemeji alisimama mlangoni, mikono yote imefungwa bandeji.

"Lakini niliichemsha," fundi alinong'ona. "Ilitokota kabisa, shemeji. Kwa haki, nililosema mimi nalo lilikuwa na maana."

"Kachemshe na sumu ya panya," alisema shemeji, "halafu uwakaribishe panya chai."