Karibu ya Kinyozi

Kilianza kikohozi. Spika ya nyuma ya kochi ilikohoa, kavu, kama mteja aliyechoka kusubiri zamu, na wakati huo hakuna filamu iliyokuwa ikichezwa.

"Waya huo," alisema Baba Kidoti.

Waya! Sikio la kufa halisikii dawa. Baba Kidoti, kinyozi wa mtaa, alikuwa amejaza sinema nzima sebuleni: projekta, spika kila kona, mapazia ya kujifunga yenyewe, vyote vikiongozwa na tableti moja. Na tableti yenyewe ilikuwa na kiburi, jamani! Ukibonyeza sauti, inazima taa. Ukibonyeza taa, inaganda. Fundi akamshauri aiamshe kwa mdomo, kwa neno analolisema kila siku. Kinyozi husema nini kutwa? Akachagua "karibu".

Basi kila jioni akawa anasimama peke yake sebuleni, mishipa ya shingo imemtoka, akifoka: "Karibu! Nimesema karibu! Karibu, mpumbavu wee!"

Tableti kimya. Lakini kuna aliyesikia.

Mapazia yakaanza kujifunga mchana. Harufu ya nywele zilizoungua ikaganda chumbani, madirisha yakifunguliwa haitoki. Kisha jioni moja Baba Kidoti akarudi kutoka kazini, akafungua mlango, akamkuta bintiye wa pekee, Kidoti, ameegemeza sikio kwenye spika, anacheka, anatikisa kichwa, anaitikia kwa adabu "ndiyo, baba, ndiyo, baba," na baba mwenyewe ndiyo kwanza yuko kizingitini, funguo mkononi, hajatamka neno.

Mama Kidoti alimnyakua mtoto. "Sirudi humu mpaka huyo atoke," alinong'ona. "Asipotoka, usinifuate."

"Mama Kidoti, ni mitambo tu..."

"Mitambo haijiiti baba kwa mwanangu!"

Wakaenda. Baba Kidoti aling'oa nyaya zote kwa hasira, akaitupa tableti kabatini, na bado spika zilipumua, taratibu, kama mtu aliyeshiba. Ikabidi amlete mganga, bibi mmoja mkali. Bibi alinusa tu.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, bibi. Sikujua."

"Tena kwa kelele! Mgeni wa kuitwa hafukuzwi, huagwa. Muage, mwenye nyumba. Kwa heshima."

Baba Kidoti aliinamisha kichwa, akasema kwaheri. Harufu ikafifia. Mapazia yakafunguka, mwanga ukaingia. Bibi alipoondoka, kinyozi alimpigia mkewe simu akilia kama mtoto: "Rudini. Nyumba ni yetu."

Walifika kabla jua halijazama. Akasikia kandambili za Kidoti zikija mbio, na sauti ya mkewe mlangoni, laini, imesamehe: "Hodi, Baba Kidoti!"

Akakurupuka kuitikia. Hakuwahi. Kutoka sebuleni nyuma yake, sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mwenye nyumba, ilishajibu:

"Karibuni."

Kidoti akasukuma mlango. "Baba!" akapiga kelele kwa furaha, akampita baba yake bila kumtazama, akakimbilia sebuleni.