Sanduku la Karatasi Lililoachwa Wazi

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Amparo Jumapili iliyopita, tukipukuchua mahindi uani kwetu hapa Tlacolula. Nayaandika kama alivyonieleza, ili nanyi mnaokwenda shule muyasome.

Mwezi wa kumi, kila Jumamosi, Amparo aliamka mapema. Alifagia ua, akawapa bata mzinga chakula, kisha akatoka mbio bila hata kumaliza kikombe chake cha chokoleti ya moto.

“We mtoto, moto unakufukuza?” nilimwuliza.

“Mwalimu ananingoja, bibi!”

Mwalimu huyo ni Brígida, mpigapicha wetu. Ametupiga picha sote, sokoni, harusini na msibani, na mpaka leo anazisafisha kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka huu aliwaita watoto wachache awafundishe, ili kila mmoja asafishe picha ya marehemu wake na kuiweka mezani nyumbani, Siku ya Marehemu, ambapo wafu wetu huja kututembelea.

Amparo alimpenda mwalimu huyo kupita kiasi. Ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha, chini ya taa nyekundu, mikono ya mwalimu ilikwenda taratibu, haigongi kitu. Hakutumia saa. Akishatia karatasi kwenye sinia la dawa, aliomba Baba Yetu polepole, kama sisi tunavyopima yai linalochemka. Kabla hajafika amina, uso wa mtu ulianza kutokea kwenye karatasi nyeupe, macho kwanza, halafu mdomo.

Sheria yake ilikuwa moja. Kabla ya kuwasha taa nyeupe aliuliza, “Sanduku limefungwa?” Aliyetoa karatasi mwisho ndiye anayejibu, kwa sababu karatasi za picha zikiguswa na mwanga huo zimekwisha.

Jumamosi ya mwisho lilibaki sanduku moja tu, na karatasi hizo huagizwa kutoka mji mkuu. Amparo alitoa yake, akaanza kusafisha picha ya babu yake, marehemu mume wangu. Aliyemfuata ni Chebo, mtoto wa jirani. Bibi yake alifariki mwaka huu, na kwao hawana hata picha yake moja. Filamu tu ndiyo iliyokuwa kwa mwalimu.

Babu alipotokea kwenye dawa, na kofia yake na ndevu zake, Amparo alisahau kila kitu.

“Safi sana!” mwalimu alisema, akaihamishia kwenye dawa ya pili, ile inayoikinga picha isiharibiwe na mwanga. “Hebu tuione vizuri. Sanduku limefungwa?”

“Limefungwa, mwalimu,” Amparo alijibu. Hakugeuza hata shingo.

Taa nyeupe ikawaka. Wote wakaisifu picha. Ndipo Amparo alipotazama nyuma, akaona kifuniko kiko mezani na mfuko mweusi wa karatasi ndani ya sanduku uko wazi. Alikisukuma kifuniko juu ya sanduku kwa kiwiko, akajifanya anaitazama picha.

Taa nyekundu iliporudi, Chebo alitoa karatasi yake, akaipitisha kwenye mashine inayomulika filamu juu ya karatasi, akaitia kwenye dawa. Baba Yetu haijafika nusu, karatasi ikawa nyeusi tii. Akajaribu ya pili. Nyeusi vilevile.

“Dirisha hilo,” mwalimu alisema, akikunja uso. “Mwanga unapenya. Nani aliziba leo?”

“Mimi, kwa blanketi la kwetu,” Chebo alisema kwa sauti ndogo.

“Chebo, hilo ni blanketi au wavu?” mtoto mmoja akamcheka.

“Mbuzi wao walilila kwanza!” mwingine akadakia.

“Nyamazeni!” mwalimu aliwakemea. “Leo tuishie hapa. Nitaliziba dirisha upya, tutaendelea wiki ijayo.”

“Wiki ijayo Siku ya Marehemu itakuwa imepita,” Chebo alisema. “Bibi atakuja nyumbani akute meza haina sura yake?” Akafuta pua kwa mkono wa shati.

Amparo alikuwa bado ameshika picha ya babu, inadondosha maji. Aliniambia, “Bibi, niliogopa mwalimu asinipende tena.” Lakini alimwona Chebo akilipapasa blanketi lake gizani, akitafuta tundu ambalo halikuwepo.

“Si dirisha, mwalimu,” alisema. “Ni mimi. Sanduku lilikuwa wazi. Nilisema limefungwa, na sikuwa nimeangalia.”

“Aaa! Kumbe!” watoto wakapiga kelele.

Mwalimu hakupiga kelele. “Lilikuwa wazi wakati taa inawaka?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Basi lete hapa.” Aliingiza mkono chini kabisa ya rundo, akachomoa karatasi moja, akaitia kwenye dawa vilevile tupu, bila kuipitisha kwenye mashine. Kingo zikaanza kuwa nyeusi, weusi ukatambaa kidogo, ukasimama. Katikati kulibaki kweupe.

“Za juu zimekufa. Hizi za chini zimeungua kingo tu,” alisema. “Tutakata kingo. Picha zitakuwa ndogo, lakini zitakuwa picha. Amparo, wewe utakata zote, gizani, na utamwomba radhi Chebo kwanza.”

“Chebo, nisamehe.”

“Nilikuwa naliomba radhi blanketi bure,” Chebo alisema, na wote wakacheka, hata mwalimu.

Kufika mchana, picha ya bibi yake Chebo ilikuwa inaning’inia kwenye kamba uani pamoja na nyingine, ndogo kama kiganja, bibi anatabasamu.

Walikula tamale za maharage, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake. Mwalimu alimweka Amparo karibu yake.

“Mimi nimeharibu karatasi nyingi, na bado naharibu,” alimwambia. “Kuharibu si aibu. Ila ukificha, mwenzako anabeba mzigo wako, na sote tunatibu dirisha wakati ugonjwa uko sandukuni. Ukisema kweli mapema, kinabaki cha kuokoa. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, mwalimu.”

“Haya. Zilinde picha na upepo, mimi nijinyooshe kidogo.”

Watoto walikuwa wameshalala kwenye mikeka, Chebo akiwa bado na ganda la tamale mkononi. Mwalimu naye akafumba macho kitini pake. Amparo alikaa chini ya kamba mpaka picha ya mwisho ikakauka, akazipanga zote chini ya ubao mzito. Kisha akajilaza pembeni ya kiti cha mwalimu, naye usingizi ukamchukua.