Jina la Nne

Foleni ya fotokopi karibu na lango la chuo ilikuwa imefika barabarani, na kati ya mashine mbili, moja ilikuwa imekwama tangu asubuhi. Jua la saa saba lilikuwa kali. Mwalimu wa fasihi, gauni lake la zambarau limemganda mgongoni, alikuwa amesimama pale nusu saa nzima amekumbatia bahasha. Alipokabidhiwa nakala zake hatimaye, akakuta kurasa tatu si zake. Zilijaa tarakimu tupu.

"Nani kachukua mashairi yangu?" akauliza kwa sauti ya darasani.

Mwanamume mmoja mrefu, shati lake limekosewa vifungo kuanzia shingoni hadi chini, alikuwa ameegemea ukuta anasoma kwa raha zake, kalamu mkononi.

"Wee kaka! Unaandika kwenye karatasi zangu?"

"Nahesabu tu, dada. Huyu mtu anapenda sana neno 'walakini'. Kurasa hizi mbili lipo mara kumi na moja. Na kwenye hii barua lipo pia. Huenda aliyeandika vyote ni mtu mmoja."

Mwalimu alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, lakini aliyameza. Miaka sita alikuwa akisema hivyohivyo. Daftari lile la mashairi, la miaka mia iliyopita, lilikuwa na jina la karani mmoja juu ya jalada, na kila kitabu kilimsifu karani. Yeye alikuwa amezipata barua za mke wa karani kwa dada yake, akaamini kwamba mashairi ni ya mke. Idarani walimcheka. Mwenyekiti alisema huyo mke labda alikuwa akimjazia mumewe wino. Sasa mtu baki, hata shati hajui kulifunga, ameliona kwa dakika tano.

"Huenda?" akauliza. "Ndiyo au siyo?"

"Mimi nafundisha nadharia ya uwezekano. Kwetu hakuna neno kubwa kuliko hilo."

Kuanzia hapo akawa Bwana Huenda.

Kazi waliianza wawili, ikawa ya watu wanne. Mama Kuvu, profesa wa biolojia, alipima ukungu uliokuwa ukila karatasi, akasema daftari na barua vilikaa sanduku moja miaka mingi kabla ya kutenganishwa. Mhandisi, mtu wa maneno machache, aliunda taa iliyofufua wino uliofifia. Bwana Huenda akahesabu maneno. Lakini kusoma, mstari kwa mstari, jicho likiuma, ilikuwa kazi ya Mwalimu, na hakuna taa wala hesabu ambayo ingejua pa kuanzia bila yeye.

Kazi ikazaa mapenzi, na kila asubuhi Bwana Huenda alimpigia Mwalimu simu kabla ya darasa la kwanza.

"Umeamkaje, laazizi?"

"Unaniuliza mimi au daftari?"

"Daftari kwanza."

"Basi kalipigie simu daftari!"

"Usinune bwana. Nakuuliza wewe."

"Unanipenda?"

"Huenda."

"Kwa asilimia ngapi?"

"Takwimu bado chache. Tukutane saa sita, niongeze."

Mwalimu akacheka peke yake mbele ya kioo, akabadilisha hereni mara mbili.

Hesabu ikatoka: tisini na saba kwa mia, mwandishi ni mke. Makala ikachapishwa. Wiki hiyohiyo Mwalimu akaitwa mbele ya kamati kuhusu mkataba wake uliokuwa unakwisha. Alivaa suti nyeupe na viatu vipya, akaingia kama mtu aendaye kupokea zawadi.

Mwenyekiti alimsukumia makala iliyochapwa.

"Jina lako hapa ni la nne."

"Samahani?"

"La nne kati ya wanne. Huku kwetu Fasihi, wa nne ni yule aliyeshika tochi wenzake wakisoma. Ulishika tochi, Mwalimu?"

Wajumbe wakacheka. Mwalimu akatazama karatasi. Kweli, jina lake lilikuwa chini kabisa, na juu kabisa lilikuwa la Bwana Huenda, ndiye aliyeituma makala. Wakamwambia arudi Jumatatu asikie uamuzi. Hakufika hata mwisho wa ngazi kabla ya kupiga simu.

"Umeniweka mkiani!"

"Mkiani wapi? Aa, majina? Ni alfabeti tu, kipenzi. Watu wa hisabati tunapanga hivyo siku zote. Mimi B, wewe W. Huenda hawakuelewa kwamba..."

"Usiniletee huenda zako! Ulituma bila kuniuliza?"

"Sikudhani kuna cha kuuliza."

"Hukudhani! Yule mama amenyimwa jina lake miaka mia. Nimekuita unisaidie kumrudishia, nawe ukaja kuzika la kwangu. Unajua? Hata karani hakudhani kuna cha kuuliza!"

Akakata. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa haki yake.

Kwenye korido Mama Kuvu akamvamia kwa kumbatio. "Hongera mwanangu! Nimekuona mwishoni, kiti cha mkubwa! Kwetu jina la mwisho ndilo la mwenye maabara. Nikasema, kumbe yule kijana ana adabu."

Mwalimu akaenda kulia chooni. Watu wanne wasomi, wanaosoma ukungu na wino uliokufa, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kuuliza wenzake: kwenu majina hupangwaje? Ni aibu, na aibu hiyo alibebeshwa mmoja.

Siku tano simu yake ililia mezani bila kupokewa.

Jumatatu akawakuta wote watatu kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Bwana Huenda alikuwa amefunga vifungo sawasawa na macho yamemwiva mekundu. Akasimama na barua mkononi.

"Nimewaandikia wahariri. Wamekubali kuchapa sahihisho, nani kafanya nini. Tumetia saini wote. Niingie niwaeleze?"

"Sikuja kutetewa. Lete."

Akaingia peke yake, akaisoma amesimama: "Wazo ni lake. Usomaji ni wake. Sisi watatu tulimsaidia."

"Kwa hiyo," akasema Mwenyekiti akitabasamu, "hawa ndio walioshika tochi?"

"Mwenye tochi ndiye aliyetuwezesha kuona," Mwalimu akajibu. "Wewe ulikuwa na daftari hilo kabatini miaka ishirini, ukaona jalada tu. Mtu wa kuchekwa hapa si mwenye tochi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Walimpa miaka miwili badala ya mitatu, akatoka bado ana hasira ya ule mmoja.

Bwana Huenda alimfuata kimyakimya hadi lango la chuo, kwenye foleni ileile.

"Nisamehe. Nilifuata mazoea yetu, nikasahau kukutazama wewe."

"Na tukiandika kingine?"

"Nitauliza kwanza. Kila kitu. Hata hiki."

Akampa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa rasimu ya kadi ya harusi, imeandikwa kwa mkono, na mahali pa majina mawili pameachwa wazi.

"Upange wewe," akasema.

"Unataka kunioa?"

"Ndiyo."

Mwalimu akasubiri neno lingine lifuate, kwa maana alimjua mtu wake. Halikufuata. Machozi yakamlenga, na bado alikuwa amekasirika kidogo, na alimpenda vilevile. Akamnyang'anya kalamu, akaandika jina lake mwenyewe juu, kubwa, kisha la Bwana Huenda chini.

Mwenye mashine akanyoosha mkono. "Nakala ngapi?"

"Huenda mia na..." akaanza bwana.

"Mia tatu," akasema Mwalimu. "Na leo usizichanganye na za mtu."